Barua ya wazi kwa kamati ya klabu yetu ya pikipiki za zamani: fedha za wodi ya mifupa zimefika wapi?

Kwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na Wajumbe wote wa Kamati Tendaji,
Tanga.

YAH: HESABU ZA ONYESHO LA HISANI NA FEDHA ZILIZOCHANGWA KWA AJILI YA MAJERUHI

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Nawasalimu kwa heshima zote.

Naandika hadharani kwa sababu milango ya ndani nimeigonga yote. Niliuliza mkutanoni, nikaambiwa jambo hilo halimo katika ajenda. Nilimwandikia Katibu, barua ikapokelewa na kugongwa mhuri, jibu likawa kimya. Wenzangu wawili, wanachama wa siku nyingi kuliko mimi, walikwenda kwa adabu nyumbani kwa Mweka Hazina. Walikaribishwa chai, wakazungumza mambo mengi mazuri, wakatoka bila kuonyeshwa ukurasa hata mmoja wa daftari.

Jina la klabu silitaji humu, wala la kiongozi yeyote. Sina ugomvi na mtu. Wanaohusika wanajijua, na wanachama wanaelewa ninachokisema. Lakini mabango ya onyesho la mwaka huu yameshaanza kubandikwa mjini, na kwa mara nyingine yanasema mapato yote yatakwenda kwa majeruhi wa ajali za bodaboda. Kabla wananchi hawajaingiza tena mkono mfukoni, wana haki ya kujua kile walichokitoa mara iliyopita kilikwenda wapi.

Kwa msomaji asiyetujua, nieleze kidogo sisi ni nani. Ni watu tunaotunza pikipiki za zamani: Vespa, Honda C50 na C70, Yamaha DT, Suzuki A100, Honda CG125 za mwanzo, na BSA chache zilizobaki tangu enzi za mameneja wa mashamba ya mkonge. Wengi wetu si watu wa fedha. Tuna walimu wastaafu, wavuvi, waliokuwa makarani wa bandari na reli, na zaidi ya wote tuna mafundi. Miaka ya mwanzoni mwa themanini, spea zilipoadimika nchini, mafundi wa mitaa ya Ngamiani ndio waliozuia pikipiki hizi zisiishie kwenye chuma chakavu. Walichonga bushi kwa mashine ya kukerezea, wakakata gasketi kwenye karatasi ngumu za maboksi, wakazisuka upya spoku za rimu zilizopinda, wakasugua pointi kwa msasa mpaka cheche ikarudi. Hakuna pikipiki inayong'aa katika onyesho letu ambayo haikupita mikononi mwa watu hao.

Wazo la kufanya onyesho la hisani lilitoka kwa mmoja wao. Kijana aliyekuwa akifunzwa naye ufundi aliacha gereji akaingia kwenye bodaboda, na haukupita muda akagongwa, akavunjika paja. Alilala wodini wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa uzito, akisubiri kufungwa chuma. Mzee alikuwa akimpelekea chakula, na huko akaona vitanda vimejaa vijana wa aina ileile, wamevunjika mahali palepale. Akaja kwenye kikao akasema watu wanapenda kuzitazama pikipiki zetu, basi watulipe kidogo kwa kuzitazama, na hicho kidogo kiende wodini.

Wazo hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Honda CG125 ilipotoka mwaka 1976 ilikuwa imebuniwa makusudi kwa nchi ambako pikipiki hubebeshwa mzigo, hufanya kazi kutwa nzima na kukosa matengenezo kwa miezi. Valvu zake husukumwa kwa fimbo, bila cheni ya ndani ya kulegea na kudai kukazwa, na cheni ya nyuma ilifunikwa yote ili vumbi lisiimalize. Wachina wakaiiga injini hiyo, na nyingi za pikipiki zao zilizoingia kwetu zikawa bodaboda ni za ukoo huohuo. Mtu anayesimama uwanjani akaisifia CG ya mwaka 1980 anamtazama babu wa mashine iliyomwangusha kijana aliyelazwa. Kwa hiyo tulipoamua kuichangia wodi ya mifupa tulikuwa tukitimiza wajibu unaotuhusu moja kwa moja, sisi kuliko klabu nyingine yoyote mjini. Ndiyo sababu nayasema yafuatayo kwa uchungu.

1. Fedha za onyesho hazijatolewa hesabu

Onyesho liliingiza fedha kwa njia nyingi: kiingilio cha mlangoni, ada za wauza vyakula na vinywaji, malipo ya wafanyabiashara walioweka mabango yao, sahani iliyopitishwa jukwaani, na michango ya simu kutoka kwa watu wasioweza kufika, wakiwemo ndugu zetu walioko Dar es Salaam, Mombasa na Muscat. Jioni ile jumla ilitangazwa kwa kipaza sauti, tukapiga makofi, tukaenda nyumbani. Hiyo ndiyo taarifa pekee ya fedha tuliyowahi kupewa.

Tangazo la jukwaani si hesabu. Hesabu ni kitabu cha tiketi chenye namba kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, vishina vilivyobaki, na tiketi zilizorudi bila kuuzwa. Hesabu ni stakabadhi ya mahema, ya jenereta, ya spika, ya fulana. Hesabu ni taarifa ya benki inayoonyesha siku fedha zilipoingia na siku zilipotoka. Hata kimoja cha hivi hatujakiona, na wala hatujaambiwa tutakiona lini.

Linalonisumbua zaidi ni namba ya simu. Namba iliyotangazwa kwenye mabango kupokea michango haikuwa imesajiliwa kwa jina la klabu. Ukituma fedha, jina linalojitokeza kabla hujathibitisha ni la mtu binafsi. Huenda mtu huyo ni mwaminifu kuliko sisi sote. Lakini katiba yetu, ile tuliyoiwasilisha kwa Msajili wa Vyama tuliposajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337, inataka fedha zote za klabu ziingie katika akaunti yake, na zitoke kwa saini mbili. Fedha iliyopita katika simu ya mtu imekwepa saini zote mbili. Hata mwenye simu mwenyewe hana kinga: akizushiwa neno kesho, atajitetea kwa nini? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali hii si yetu. Tumeishika kwa niaba ya mgonjwa, ni amana.

2. Kilichofika wodini hakilingani na kilichoahidiwa

Jukwaani ilionyeshwa hundi kubwa ya karatasi, picha zikapigwa. Iliahidiwa kwamba zitanunuliwa viti vya magurudumu, magongo na fremu za kutembelea, na kwamba kiasi kitatengwa kuwasaidia wagonjwa wasio na ndugu wa kuwalipia. Nilichokiona mimi na wanachama wengine tuliokwenda kuwajulia hali wagonjwa ni magongo. Kiti hatukukiona. Kama viti vilinunuliwa, hati ya makabidhiano ipo na ina saini ya aliyevipokea. Ionyeshwe, na sehemu hii ya barua yangu itakuwa imekwisha.

Kuhusu magongo yenyewe nina neno, na naomba kamati ilisikilize bila kuona nadharau kilichotolewa. Yalikuwa ya mbao, ya kipimo kimoja, yasiyorekebishika. Gongo huwekwa sawa kwa mwili wa mtu: akisimama wima, kati ya kwapa na kichwa cha gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na kiwiko kiwe kimekunjika kidogo anaposhika mshikio wa gongo. Gongo likiwa refu mno, mtu hulining'inia kwa kwapa, mishipa ya fahamu ikabanwa, mkono ukafa ganzi na kulegea. Likiwa fupi, mgongo unapinda na mguu mzima unabebeshwa kazi isiyo yake. Kijana mmoja mfupi alikuwa akitembea na magongo yetu ameyashika chini ya mshikio, kwa kuwa hayamwingii kwapani. Muuguzi wa zamu alituambia kwa upole kwamba hakuna mtu wa klabu aliyekwenda kuuliza wodi inahitaji nini kabla ya kununua.

Kwenda kuuliza kungechukua asubuhi moja. Tungeambiwa kwamba mvunjiko wa paja una gharama zisizoonekana kwenye picha. Lipo shirika la Marekani, SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999, linalotoa vyuma vya kuunga mifupa mirefu kwa hospitali za nchi kama yetu, vilivyobuniwa ili daktari aweze kuvifunga bila kuwa na mashine ya eksirei inayoonyesha picha wakati wa upasuaji. Kwa hiyo hata chuma chenyewe kinaweza kupatikana kwa msaada. Lakini baada ya chuma kuna dawa, kuna bandeji, kuna nauli ya ndugu anayeleta chakula, kuna tarehe za kurudi kliniki ambazo mgonjwa wa Pangani au Mkinga huziacha kwa kukosa nauli, na kuna miezi ambayo mwenye familia hapeleki kitu nyumbani. Fedha ya hisani ikiingia hapo humsaidia mtu kweli. Kamati haikupajua hapo kwa sababu haikuuliza.

3. Msafara wetu unafanya kile tunachodai kupambana nacho

Hili litawaudhi baadhi ya wenzangu, nami nalisema hivyo hivyo. Katika msafara wa kufungua onyesho, kutoka katikati ya mji hadi Raskazone na kurudi, waendeshaji wengi hawakuvaa helmeti. Sheria ya Usalama Barabarani imekuwepo tangu mwaka 1973, na trafiki waliokuwa wakituongoza walituachia kwa kuwa ni siku ya sherehe. Nyuma ya baadhi ya pikipiki walipakiwa watoto wawili. Vijana walioalikwa kuchangamsha msafara walikuwa wakinyanyua tairi la mbele katikati ya watembea kwa miguu. Kisha msafara mzima ukapita kando ya hospitali, wengine wameondoa vipunguza mlio vya ndani ya ekzosi ili mlio uwe mkubwa, wakisimama pale na kuvuta mafuta kama salamu kwa wagonjwa.

Utafiti uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Bodaboda aliyesimama pembeni akitutazama tukipita vichwa wazi, na bango letu la kuwahurumia majeruhi likiwa mbele, amejifunza nini kwetu? Anachokiona ni kwamba watu wazima wenye heshima, wenye pikipiki nzuri kuliko yake, hawavai. Onyesho moja la namna hiyo linaweza kuharibu kazi ya semina nyingi.

Nimesikia ikisemwa kwamba helmeti haipendezi na Vespa ya mwaka 1962, kwamba inaharibu picha. Mwenye Vespa hiyo ana wajukuu, na wajukuu wanamhitaji kuliko picha.

4. Waliolianzisha onyesho wamefungiwa nje

Maonyesho ya mwanzo yalifanyika uwanja wa wazi, pale Tangamano. Mwenye pikipiki ya zamani alikuja nayo, akaiegesha, akasimama pembeni yake akiieleza kwa yeyote aliyeuliza. Halipi kitu, kwa sababu yeye ndiye anayeleta watu. Mtazamaji alitoa shilingi 2,000, mtoto aliingia bure. Uwanja ulijaa wanafunzi, mama lishe, bodaboda wenyewe wakilinganisha injini zao na za zamani.

Mara iliyopita onyesho lilihamishiwa ndani ya uzio wa hoteli. Kiingilio kikawa shilingi 10,000, na kila mwenye pikipiki akatakiwa alipe 30,000 ili aionyeshe. Mzee aliyelitoa wazo hili, ambaye mikono yake imefufua nusu ya pikipiki zilizokuwa ndani, alikuja na Honda yake akaambiwa langoni atoe 30,000. Hakuwa nayo. Alirudi nyumbani.

Sijui, ndugu wajumbe, ni nani kati yenu alijua habari hiyo siku ile. Sasa mmeijua wote. Mzee huyo hajalalamika kwa mtu, na hakunituma. Mimi ndiye ninayeona aibu kwa niaba ya klabu yangu.

Nakubali hoteli ina vyoo safi, maegesho na kivuli. Lakini hoteli pia ililipwa, na malipo hayo yametoka kwenye kapu lilelile la wodi. Ni kiasi gani? Tunarudi kwenye namba moja.

5. Mashindano na zawadi

Hapa nitasema machache. Klabu haina kigezo kilichoandikwa cha pikipiki gani ni ya zamani. Vintage Motor Cycle Club ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1946, huhesabu pikipiki kuanzia miaka 25. Tukichukua kigezo hicho, Honda CG na Honda XL nyingi za miaka ya tisini zinaingia, na vijana wanaozimiliki wataingia nazo. Sisi mara iliyopita tulimpa zawadi ya kwanza mtu mwenye pikipiki iliyopakwa rangi mpya juu ya tanki la Kichina, fremu imekatwa na kuungwa, huku DT yenye rangi yake ya kiwandani, stika zake na zana zake chini ya siti ikiachwa bila kutajwa. Aliyetoa zawadi ndiye aliyechagua mshindi. Waamuzi wawe mafundi, na alama ziandikwe.

Sasa niyaseme majibu ninayoyatarajia, kwa kuwa mengine nimeshayasikia vijiweni.

Mtasema mnajitolea, hamlipwi, na asiyefanya kazi ndiye hodari wa kukosoa. Ni kweli mnajitolea, na nawashukuru kwa dhati. Najua usiku wa kuamkia onyesho wajumbe kadhaa hawakulala. Lakini kujitolea muda wako hakukupi ruhusa ya kutohesabu fedha za mwingine. Mzee wa kanisa hujitolea, na sadaka ya Jumapili huhesabiwa mbele ya watu na kuandikwa. Msikitini vilevile, michango ya ujenzi hubandikwa ukutani, aliyetoa mfuko wa saruji na aliyetoa mia tano.

Mtasema gharama za maandalizi zilikuwa kubwa zikameza mapato. Huenda. Kama ndivyo, tuambiwe hivyo kwa tarakimu, na bango lisiandikwe tena kwamba mapato yote yanakwenda kwa majeruhi. Liandikwe "kinachobaki baada ya gharama". Mtu akijua anachangia nini, hatakuwa na lawama. Atakayelaumu ni yule aliyeambiwa vyote vinakwenda wodini kisha akagundua sehemu kubwa ilikwenda kwenye fulana na mahema.

Mtasema wafadhili hawataki fedha zao zitajwe. Asiyetaka jina lake litajwe aandikwe "mfadhili", kiasi kiwekwe. Kuna matembezi ya hisani ya pikipiki za mtindo wa zamani yanayoitwa Distinguished Gentleman's Ride, yaliyoanzia Sydney, Australia, mwaka 2012, na leo hufanyika katika miji mingi duniani kuchangia afya ya wanaume. Kila mwendeshaji anayejisajili ana ukurasa wake mtandaoni ambapo mtu yeyote anaweza kuona amechangisha kiasi gani. Mtoaji akitaka kuficha jina anaficha, jumla haifichwi. Hatuhitaji mitambo yao. Karatasi mbili kwenye ubao wa matangazo zinatosha.

Na mtasema, hili ndilo nimeambiwa mara nyingi zaidi, kwamba mambo ya ndani hayaanikwi barazani, kwamba naiaibisha klabu na kuwakimbiza wafadhili. Ndugu zangu, onyesho hili halikuwa la ndani. Tuliwaita watu kwa mabango na kwa gari la matangazo mtaa kwa mtaa. Tulichukua fedha za mama muuza vitumbua asiye mwanachama, asiye na haki ya kuingia kwenye mkutano wetu mkuu na kuuliza. Atauliza wapi kama si barazani? Tulipochukua fedha za umma hadharani tulijifunga kuutolea umma jibu hadharani. Na mfadhili anayekimbia kwa sababu hesabu zimewekwa wazi, tusimsikitikie.

Ninachoomba ni haya, nami nayaomba yatekelezwe kabla tiketi ya kwanza ya mwaka huu haijauzwa:

a) Taarifa kamili ya mapato na matumizi ya onyesho lililopita ibandikwe kwenye ubao wa klabu na isomwe katika mkutano mkuu, ikiambatana na stakabadhi na taarifa ya benki, ndani ya siku 21 tangu leo.

b) Michango yote ya simu iliyopita katika namba ya mtu binafsi iorodheshwe kutoka kwenye rekodi za mtandao wa simu, na fedha iliyobaki ihamishiwe kwenye akaunti ya klabu. Kuanzia sasa itumike namba ya malipo yenye jina la klabu tu.

c) Hati za makabidhiano ya vifaa vilivyopelekwa wodini zionyeshwe. Kama kuna kilichoahidiwa ambacho hakikununuliwa, kitangazwe, na kinunuliwe kwanza kabla ya jambo jingine lolote.

d) Wachaguliwe wanachama watatu wasio wajumbe wa kamati, mmoja wao akiwa fundi na mmoja akiwa mwanamke, wakague hesabu za kila onyesho. Ikiwezekana awemo pia mtu mmoja aliyependekezwa na chama cha madereva wa bodaboda, kwa kuwa fedha zinachangwa kwa jina lao.

e) Wajumbe wawili waende wodini kwa miadi, wakae na muuguzi mkuu na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, warudi na orodha iliyoandikwa ya mahitaji. Kinachonunuliwa kitoke kwenye orodha hiyo.

f) Asiye na helmeti asiingie kwenye msafara, awe mwenyekiti au mgeni rasmi. Njia ya msafara isipite hospitalini. Michezo ya kunyanyua tairi ifutwe.

g) Onyesho lirudi uwanja wa wazi, na mwenye pikipiki ya zamani asitozwe chochote kuileta. Mafundi wazee waalikwe kwa barua, waketi mbele, na wawe ndio waamuzi.

Sidai mtu ajiuzulu. Simshutumu mtu kwa wizi, kwa kuwa sina ushahidi wa wizi. Ninachokijua ni kwamba tuliahidi kuonyesha na hatujaonyesha. Kama fedha zote zipo salama na zimetumika vizuri, kamati inaweza kulimaliza jambo hili kwa mchana mmoja, na mimi nitaandika tena hapahapa, kwa urefu uleule, kuwaambia wasomaji kwamba kamati imejibu na imejibu vizuri.

Kama siku 21 zitapita kimya, pikipiki yangu haitakuwepo katika onyesho la mwaka huu, na wapo wanachama wengine waliokubali majina yao yaambatane na langu katika barua tutakayoipeleka kwa Msajili wa Vyama. Pia tutawaambia wazi wale tuliowashawishi wachangie, mmoja mmoja, kwamba hatuwezi kuwaambia fedha zao zilifanya nini. Hilo la mwisho ndilo gumu kwangu, kwa sababu wengi walichanga kwa kuniamini mimi.

Wodi ile imejaa hata leo. Naomba kikao cha kamati cha wiki hii kianze na kipengele (a).

Wenu katika klabu,

Mwanachama wa tangu mwanzo,
Ngamiani, Tanga.

Nakala:
Wanachama wote, kupitia ubao wa matangazo;
Mafundi wa gereji za Ngamiani;
Viongozi wa chama cha madereva wa bodaboda.